Bahari ya Baba Mdogo Ilikuwa Bado

Mimi nikiulizwa kitu mbele ya watu, kwanza masikio yanashika moto, halafu ulimi unalala. Darasani mwalimu akiita majina naitika kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii, ndiyo maana muhula mmoja niliandikwa mtoro huku nimekaa dawati la mbele. Nasema haya mapema ili ieleweke ni mtu gani alipewa kazi ya kutamka kama bahari iko tayari au bado, na kwamba hakuiomba.

Yote yalianzia Mombasa. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ni dereva wa lori la makontena kati ya Mombasa na Kampala, na huko bandarini alipata mchumba. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa mzee wa msichana alivaa kanzu aliyopigiwa pasi na mama yangu, akakaa kitini, akalishwa vizuri, akaulizwa ukoo. Akaeleza kwamba sisi ni Wanubi wa Kampala. Babu zetu waliletwa na jeshi kutoka Sudani, vita vikaisha, wao wakabaki. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu huyu tangu azaliwe yuasikia bahari. Huko kwenu atasikia nini?"

Mama alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, ule ni utani wa watu wa pwani! Ungemjibu tu, 'Atanisikia mimi,' mngecheka, mngesoma Fatiha, ukarudi na tarehe ya ndoa."

Lakini baba mdogo hakujibu hivyo. Hakujibu chochote. Ukimya kwetu ni wa ukoo, mimi sikuuokota barabarani. Alipanda lori lake, akalitafuna lile swali njia nzima pamoja na karanga, na alipofika nyumbani Luzira alikuwa na jawabu.

"Nitamwekea bahari," akasema.

Bibi, mama yake, alikuwa chini kwenye mkeka anasuka kawa la rangi la kufunikia chakula. Hakuinua hata macho. "Bahari gani? Na ile kule chini ni supu?"

Kutoka dirisha letu, ukijisogeza kidogo, unaliona ziwa na meli za mabehewa za Port Bell.

"Ile ni ziwa, Mama. Maji yake haina chumvi."

"Chumvi iko jikoni."

Baba mdogo hakubishana. Bahati yake, wakati huo alikuwa ameitwa kuhamisha vyombo vya familia moja ya kigeni huko Nakasero, watu wa ubalozi waliokuwa wanarudi kwao, nao walikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki, refu kama jeneza, pamoja na pampu zake, taa zake, chombo cha kupasha maji moto, mashine ya kutoa povu na magunia mawili ya mawe meupe makavu yenye matundu. Hawakuwa na la kufanya nalo. Lililetwa kwetu siku ya Jumamosi likibebwa na watu sita, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Jirani yetu Mama Mkongo, anayeshona nguo barazani kwake, alisimamisha cherehani akauliza nani amekufa.

Likawekwa sebuleni, mahali pa kabati la Bibi. Kabati likahamia chumbani kwangu. Na mimi, kwa kuwa niko kidato cha nne na nafanya kemia, nikakabidhiwa maji.

"Wewe unajua mambo ya matone," baba mdogo akaniambia. "Utakuwa daktari wa hii bahari."

Sikusema ndiyo. Pia sikusema hapana, na kwetu hiyo ndiyo ndiyo.

Kulikuwa na kijana wa Nairobi anayefuga matumbawe kwenye matangi nyuma ya nyumba yao, baba mdogo alimpata kupitia dereva mwenzake. Matumbawe ndiyo yale yanayoonekana kama maua au mawe chini ya bahari, kumbe ni viumbe hai vyenye midomo. Mzee wa Mombasa alikulia juu ya matumbawe; bahari bila matumbawe kwake ingekuwa chai bila majani. Baba mdogo akataka kuagiza siku ileile. Kijana akatuma ujumbe wa sauti: "Bro, usiniulize mimi ntakutumia lini. Uliza maji yako."

Baada ya hapo akawa ananifundisha mimi kwa simu. Yeye alituma sauti, mimi nikajibu kwa maandishi, maana sauti yangu siwezi kumtumia mtu nisiyemjua. Niliandika kwa adabu yote: "Assalamu alaykum. Samahani kwa usumbufu. Naomba kuuliza kuhusu hali ya mawe." Baada ya wiki nikagundua ananiita mzee. "Mzee wangu, ukipata nafasi pima tena." "Mzee, usijichoshe kubeba ndoo, waambie wajukuu." Sikumsahihisha. Ilikuwa raha kuheshimiwa.

Alinieleza hivi. Tangi jipya likishajazwa maji safi ya kuchujwa na chumvi ya bahari ya kopo, huwa halina uhai wowote, ni kama nyumba iliyojengwa leo: haina choo, haina mfagiaji, haina jirani. Kila kinachooza mle kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Lazima kwanza bakteria wahamie ndani ya mawe. Wa kwanza wanakula amonia na kuacha sumu ya pili. Wengine wanakula hiyo sumu ya pili na kuacha kitu kisicho na madhara makubwa. Nilimwelewa haraka kwa sababu sinia la pilau kwetu linakwenda hivyohivyo: mmoja anamaliza nyama, anayefuata anamaliza mifupa, na Mama anabaki na kuosha.

Ili bakteria waje, lazima wapewe chakula. Kijana alisema nitupie kamba mmoja mbichi aoze. Kamba Kampala utampata wapi kwa bei ya binadamu? Nikatupia kipande cha ngege, samaki wa ziwa letu.

Bibi akasimama nyuma yangu. "Mawe yanakula samaki sasa?"

"Si mawe, Bibi. Ni bakteria. Watakaa ndani ya mawe."

Hapo ndipo nilipoharibu bila kujua. Bibi hajasoma sana, ila watu wa afya walipita mtaani kwetu mwaka wa kipindupindu wakiwa na picha kubwa ya bakteria wenye meno, wakafundisha kila mama namna ya kuwaua kwa maji moto na sabuni. Bibi alikuwa mwanafunzi bora. Alivuta ushungi wake akaenda zake.

Basi nikapima. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unangoja, unalinganisha rangi na kadi. Njano, hakuna amonia. Kijani, ipo. Kwanza ikawa njano, halafu kijani cha ndimu, halafu kijani cha sare za askari. Sebule ikanuka ngege aliyekufa kwa huzuni. Kisha kijani kikaanza kufifia, na kipimo cha sumu ya pili kikapanda kuwa zambarau, nacho kikaja kufifia. Kila rangi ikibadilika nilihisi furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo nilimwandikia yule kijana, naye akajibu, "Hongera mzee, umri wako huo na bado unajifunza!"

Ndipo tangi likachafuka. Mawe yale meupe yakaota ukoko wa kahawia, kioo kikawa kama glasi ya mtu aliyekunywa uji. Baba mdogo alirudi safari, akaliona, akakaa chini.

"Imekufa?"

Nikamchezea ujumbe wa Nairobi: "Hapo sasa ndo penyewe! Ikiwa mbaya ndo inakaribia kuwa nzuri. Huo uchafu utaondoka wenyewe. Usisugue, mzee. Narudia, usisugue."

Mama Mkongo, aliyekuja kutazama, alisema kwao ziwa Kivu linapata rangi hiyo mtu akiwa ameliroga.

Na kweli ukoko ukaanza kupungua wenyewe. Vipimo vyote vikawa vizuri. Nikajaribu mtihani wa mwisho: nikatia amonia kidogo makusudi jioni, na kesho yake haikuwepo hata harufu. Bakteria walikuwa wameimaliza. Nikamwandikia Nairobi, Nairobi akasema natuma. Siku hiyohiyo Mombasa nayo ikapiga simu: mzee anakuja Kampala Jumapili kuona mahali mwanawe atakapolala.

Baba mdogo alizunguka sebule kama kuku aliyeibiwa yai. "Jumamosi matumbawe yanafika, Jumapili mzee anafika. Mwenyezi Mungu amepanga!"

Jumamosi tulikwenda mjini mimi na yeye kuchukua boksi kwenye ofisi ya mabasi. Ndani yake, katikati ya magazeti na chupa za maji ya uvuguvugu, mlikuwa na mifuko mitano, kila mmoja na kitu kidogo kimejikunja kwa hofu: kimoja kijani, kimoja kama kiganja, vitatu kama vifungo vya shati. Nililipakata boksi hilo kwenye bodaboda kama mtoto mchanga, na baba mdogo alifuata na bodaboda nyingine akipiga kelele kwa dereva wangu, "Polepole, ssebo! Umebeba bahari!"

Tulipofungua mlango wa nyumbani, harufu ya kwanza ilikuwa udi. Harufu ya pili ilikuwa ndimu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amevaa gurbaba mpya, vazi la heshima la wanawake wa Kinubi, mikono imekunjamana kwa maji, uso unang'aa kama wa bibi harusi. Na nyuma yake lilikuwepo tangi. Sijawahi kuona kitu cheupe hivyo. Mawe yalikuwa meupe kama meno ya tangazo. Kioo hakikuonekana kama kipo. Maji yalikuwa kama hayapo.

"Sasa," Bibi akasema, "hiyo ndiyo bahari."

Nyumba ya Kinubi haipokei wakwe na uchafu. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko barabara ya Luzira. Wiki nzima Bibi alikuwa amepaka kuta chokaa, ameanika mazulia, ametundika makawa yote ya rangi ukutani, na amefukiza udi mpaka kwenye stoo ya mkaa. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa isipokuwa kimoja, tena chenye bakteria, tena sebuleni. Mimi na baba mdogo tulipotoka tu, na Mama akiwa kibandani kwake soko la Owino, Bibi alimwita mtoto wa Mama Mkongo wakayatoa mawe yote. Wakayachemsha. Wakayasugua kwa brashi ya sufuria, sabuni ya kipande na ndimu. Maji ya zamani waliyamwaga dirishani, juu ya mboga za Bibi za dodo, yaani mchicha. Wakajaza ya bomba.

"Na chumvi?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mbu.

"Chumvi nimeweka. Nimeonja mwenyewe. Imekolea."

Baba mdogo alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumwambia Bibi amekosea, na wale waliojaribu tunawakumbuka kwa dua.

"Mama, ahsante sana," baba mdogo akasema. Na kwangu, kwa sauti ya chini: "Pima."

Nikapima amonia. Njano.

"Si unaona!" akapumua. "Njano! Safi! Tia matumbawe."

Sasa nimweleze vipi? Njano siku ileile ya kuosha ni kama chumba cha mtihani kilicho kimya kwa sababu wanafunzi hawajaingia. Lilipokuwa chafu ndipo lilipokuwa zima. Sasa lilikuwa zuri, lina sabuni, lina chumvi ya mchuzi, na wale wote waliohamia wiki baada ya wiki wamechemshwa.

"Bado," nikasema.

"Nini?"

"Bado."

Akajifanya hakusikia, na kwa sauti yangu aliweza kujifanya bila dhambi. Akaenda kuoga. Mimi nikafanya kitu kimoja ambacho mpaka leo najishangaa. Kule nyuma kulikuwa na pipa la maji ya chumvi ya kopo niliyokuwa nimeyachanganya kwa ajili ya kubadilishia, na kwa kuwa lilikuwa na kifuniko Bibi hakuligusa. Nikachukua beseni la bluu jipya, la kufulia, nikalijaza maji hayo, nikatumbukiza pampu ndogo na chombo cha kupasha moto, nikafunga taa ya tangi kwenye mguu wa kiti kwa kamba, na matumbawe yakaingia kwenye beseni. Nikaliweka pembeni, nyuma ya kochi. Kila mtu aliliona. Hakuna aliyesema kitu, kama vile tunavyofanya mtu akivua meno ya bandia mezani.

Jumapili asubuhi nikapima tangi tena. Kijani cha ndimu: waliochemshwa walikuwa wameanza kuoza.

Mzee alifika saa za mchana. Nilitegemea mtu mkubwa. Alikuwa mdogo, mkavu, na kofia ya kazi ya mkono, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Alisifu makawa. Alisifu gurusa, mikate yetu myembamba, akala mpaka Bibi akampenda. Alimwita Bibi "Mama" na kumuuliza habari za ujana wake, jambo ambalo hakuna mtu alilifanya tangu mimi nizaliwe. Baba mdogo alikaa amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Katika saa nzima alisema "Karibu" mara nyingi na "Ndiyo" mara moja.

Halafu mzee akanyanyuka, akaenda kwenye tangi, mikono nyuma.

"Ehe. Hii ndiyo bahari niliyosikia habari zake?"

"Ndiyo, Mzee."

"Maashaallah. Safi. Mbona haina wenyewe?"

"Samahani?"

"Matumbawe, bwana. Bahari yetu ina matumbawe. Hii naona imeoga, imevaa, yangoja mgeni."

Baba mdogo akanigeukia. Macho yake yalisema maneno yote ambayo mdomo wake haukuwahi kusema tangu Mombasa. "Yanaingia sasa hivi," akasema. "Mwanangu, lete ile beseni. Tia."

Nilikuwa karibu na mlango na sinia la vikombe. Masikio yakashika moto. Nikalitazama beseni; kile kama kiganja kilikuwa kimeanza kufungua vidole, kidogo tu, kama mtu anayechungulia uani kujua mvua imekatika. Kingeingia mle ndani kingekufa mbele ya mgeni, labda si leo, lakini kesho, na baba mdogo angekuwa ameposa kwa kitu kinachooza.

"Bado," nikasema.

"Yuasema nini huyu?" mzee akauliza.

"Ana utani sana," baba mdogo akasema haraka. Mama akakohoa. Hakuna mtu aliyewahi kusikia utani kutoka kwangu.

"Bado, Babu," nikasema tena, na safari hii vikombe vikasikika vikitetemeka, kwa hiyo nadhani na mimi nilisikika. "Maji hayako tayari. Matumbawe yakiingia yatakufa."

"Nani kasema?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja. Yule kijana wa Nairobi, mwalimu wa kemia, yeyote. "Mimi," nikasema.

Mzee akainamisha kichwa. "Na kwa nini hayako tayari? Mimi nayaona safi kuliko ya kwetu."

Nikatazama vikombe. Jibu lilikuwa limekaa kwenye mkeka limevaa gurbaba mpya. Baba mdogo akanyoosha kanzu yake. Mama akaanza kukusanya sahani zisizokuwepo. Na Bibi akainua kidevu, maana alidhani amesifiwa.

"Safi lazima yawe safi," akasema. "Mimi mwenyewe nimeyasugua, mkwe wangu. Hayo mawe yalikuwa na bakteria! Nimeyachemsha kama kwato za ng'ombe. Sabuni, ndimu, brashi. Na chumvi nikaonja, nikaongeza, nikaonja."

Mzee alimtazama Bibi. Akalitazama tangi. Akanitazama mimi na vikombe vyangu. Kisha kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda mabegani, kofia ikacheza, na akacheka kicheko ambacho Mama Mkongo alikisikia akaja mpaka dirishani kuuliza kama tumeshinda kitu.

"Mama!" akasema akijifuta macho. "Mama, bahari umeitia ndimu?"

"Na ndimu nzuri," Bibi akasema. "Za soko la Nakasero."

Alipopata pumzi akauliza, "Na matumbawe yenyewe yako wapi basi?" Nikaonyesha nyuma ya kochi. Mzee wa watu, na kanzu yake, akapiga magoti kwenye zulia, akaangalia ndani ya beseni la kufulia kwa muda mrefu. Akasogeza kidole karibu na maji, hakugusa. Kile kiganja kilikuwa kimefunguka chote.

"Huyu kwetu yuko tele," akasema taratibu. "Maji yakitoka, wamkanyaga kama hujui."

Alisimama kwa shida, baba mdogo akamshika mkono. Mzee hakuuachia. "Bwana mdogo. Mimi nlikutania tu, nawe ukaenda ukaleta bahari. Sikujua u mtu wa namna hiyo. Nlikuja na jibu la ndiyo mfukoni." Akapapasa mfuko wa kanzu kama kweli limo. "Lakini nimemsikia huyu mtoto. Kama matumbawe yangoja, na binti yangu atangoja. Siku huyu akisema tayari, mnipigie, tufunge ndoa."

Akanionyesha mimi kwa kidole. Kila mtu akanitazama. Nikaenda jikoni nikakaa kwenye gunia la mkaa.

Nadhani alifikiri ananipa heshima. Maisha yangu yalikwisha. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenisalimia, walianza moja kwa moja na "Tayari?" Mama akirudi Owino, "Tayari?" Shehe wa mtaa, "Binti, tayari?" Mama Mkongo kupitia dirishani, bila kusimamisha cherehani. Baba mdogo alinipigia akiwa mpakani, akiwa kwenye mizani, akiwa amepasukiwa na tairi. Na mchumba mwenyewe akapata namba yangu.

"Mwanangu, mimi mama yako mdogo. Niambie kweli. Hayo maji yana nini?"

"Yana amonia, Mama mdogo."

"Na huyo Amonia ni nani, mwenzangu? Anakaa hapohapo Kampala?"

Nilicheka kwenye simu na mtu nisiyemjua. Ilikuwa mara ya kwanza.

Tulianza upya. Nilimwaga maji yote, mbali na dodo safari hii, ingawa kwa dodo msaada ulikuwa umechelewa. Zililala chini siku ileile na hazikuinuka. Nililoweka mawe, nikabadilisha maji, nikaloweka tena mpaka sabuni ikaisha. Nikatia ngege mpya. Matumbawe yakabaki kwenye beseni lao, nikiyabadilishia maji kila siku kabla ya shule. Kimoja cha vile vifungo kilikufa, nikakizika kwenye chungu cha maua na sikumwambia mtu. Umeme ulipokatika tulipunga maji kwa kikombe kwa zamu, kuyachota na kuyarudisha, ili yapate hewa, na zamu ndefu kabisa ilikuwa ya Bibi.

Kwa maana Bibi alikuwa amegeuka. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alikuwa amehesabu mwenyewe ni nani amemchelewesha mwanawe kuoa. Akahamisha mkeka wake mbele ya tangi. Aliyekaribia na kitambaa mkononi alifukuzwa. Mgeni akiingia amejipulizia manukato aliambiwa akae barazani. Na asubuhi ile ukoko wa kahawia uliporudi juu ya mawe, alituamsha wote kwa kelele.

"Imechafuka! Alhamdulillahi, imechafuka!"

Ukoko ukaja, ukakaa, ukaanza kuondoka. Nikapima, nikatia amonia makusudi, ikaliwa. Nikatia tena, ikaliwa. Nilikuwa najua tayari, lakini sikutaka kujua kwa rangi za kadi tu. Nikachukua kifungo kidogo kuliko vyote, nikakiweka ndani peke yake, na sikusema. Kikajifunga siku nzima. Nilikwenda shule nikafanya mtihani wa jiografia bila kujua nimeandika nini. Niliporudi kilikuwa kimefunguka, duara la kijani lenye nywele za rangi ya machungwa, kinacheza na mkondo wa pampu kama kimezaliwa humo.

Baba mdogo alikuwa nyumbani siku hiyo. Tulikuwa tunakula, wote wanne, kwenye sinia moja, na hakuna aliyeniuliza, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Labda walikuwa wamechoka. Nikasema mwenyewe.

"Iko tayari."

Bibi alipiga kigelegele huku mdomo umejaa wali. Mama akasimama, akakaa, akasimama. Baba mdogo alikuwa ameinua tonge. Tonge likabaki hewani.

"Pima tena," akasema.

"Nimepima."

"Amonia?"

"Hakuna."

"Ile ya pili?"

"Hakuna."

"Na moto wa maji?"

"Uko sawa, Baba mdogo."

"Umeme ikikatika?"

"Kuna betri. Umenunua wewe."

Akatafuta kingine. Alikitafuta kwenye dari, kwenye tangi, kwenye wali. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kwa usalama," akasema, "tungoje kidogo. Hata mwezi. Bahari ni kitu kubwa."

Mama akaweka mikono kiunoni. "Shemeji, unaogopa matumbawe au unaogopa mke?"

Akaligeuza tonge mkononi. Nilimwonea huruma, kwa kuwa ninajua jinsi ilivyo mtu akikutaka useme neno moja na wote wanangoja. Nikanawa mkono, nikachukua simu yake juu ya kabati la televisheni, nikatafuta namba ya Mombasa, nikabonyeza. Iliita mara chache.

"Babu, shikamoo," nikasema. "Ni mimi wa maji. Yako tayari."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako tayari." Nikasikia watoto wanacheza upande wake. "Na yeye je?"

Nikamtazama baba mdogo. Tonge bado lilikuwa mkononi, limeanza kumwagika punje moja moja juu ya kanzu.

"Huyo, Babu," nikasema, "mje mumpime wenyewe."

Simu ikapasuka kwa kicheko, baba mdogo akalitia tonge mdomoni kwa haraka, na Bibi akaanza kumwuliza Mama ni duka gani pale Owino lina vitambaa vya harusi visivyochuja rangi.